Walidhani Ninaigiza

Shule za siku hizi zinafundisha Kiswahili, na walimu wengi hapa Kampala wanakiogopa kama mbwa wa jirani. Ndiyo maana wakanifuata mimi. Sijakaa darasani hata siku moja. Haya nasema tu, binti yangu anaandika, na nimemkataza kuninyooshea maneno. Lakini Kiswahili kwetu tulikinyonya. Babu wa babu yangu alikuja nacho kutoka pwani, kimefungwa pamoja na vitambaa vyake vya kuuza. Vitambaa viliisha zamani. Ulimi ukabaki, na mimi nikauringia.

Watoto wakitoka shule walikuja kwenye chumba cha madrasa, nyuma ya msikiti wetu. Sheikh alitupa chumba kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi. Mwenye duka mmoja wa Kikuubo alileta madaftari. Mwalimu wa shule ya serikali alifundisha hesabu na kusoma. Kinamama wa kanisa walipika uji, na mkubwa wao ni mjane wa askari, mtu wa kaskazini, Kiswahili chake cha kambini: "Wewe toto! Kuja hapa! Kunywa uji, maliza, rudisha kikombe!" Watoto wanamwita Afande, na yeye anapenda.

Aliyetuunganisha wote ni bibie mmoja wa ofisi ya mradi, anakaa Ntinda, anasema pole pole kama anatembea juu ya mayai. Siku ya kwanza akaniambia, "Mama, wewe sasa ni mshirika wetu."

Nikaruka. "Mimi mshirikina? Tangu lini? Nimefuga jini gani?"

Sheikh akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nikapewa nusu saa ya mwisho, watoto wakishakunywa uji. Kila mtoto anasimama, anasimulia jambo moja kwa Kiswahili, mimi nasikiliza na kurekebisha. Na nilikuwa narekebisha kwa kuigiza. Mtoto akikosea, namrudishia sauti yake vile vile, na shingo yake, na mikono yake, wenzake wanagaagaa kwa kicheko, anasema tena vizuri. Hata Sheikh na Afande niliwaigiza. Mwalimu aliniambia watoto wanakimbia kutoka shule kuja kwangu, kwa Jaja wao, yaani bibi. Nikavimba.

Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka kama kumi na moja, Mganda, mpole, mama yake anauza nyanya Nakivubo. Kila siku alikaa karibu na mlango, na kila siku alisema "leo sina kitu." Siku moja akasimama mwenyewe bila kuitwa. Akashika ncha ya sketi yake, akasema:

"Jumamosi tulienda kijijini kwa kalamu. Kalamu ya baba. Irikuwa kubwa."

Alitaka kusema karamu. Ningeweza kumwambia neno moja tu, akaendelea. Lakini kitu kizuri namna hiyo nikiache? Nikasimama, nikashika ncha ya kanga yangu, nikalegeza shingo kama yeye. "Irikuwa kubwa! Kalamu ya baba! Mliingia wote ndani? Wino uliwafika magotini?"

Chumba kikapasuka. Hata mwalimu alicheka, na Afande kule nje kwenye sufuria. Msichana akakaa. Nikamwambia, "Haya, binti, sema karamu." Hakusema. Nikaenda kwa mwingine. Jioni watoto wakatoka wakiimba njia nzima, "Kalamu ya baba! Kalamu ya baba!" na mimi nasikia, nafunga mlango, natabasamu.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Tulikuwa na sharti, tumekubaliana wote: mtoto akikosa wiki mbili, nafasi yake anapewa mwingine, maana chumba ni kidogo na wazazi wanatuomba kila siku. Wiki mbili zikafika, tukakaa kikao. Bibie wa Ntinda akafungua rejista, akauliza kwa nini msichana ametupotea.

Afande akasema, "Mi najua. Mama yake naogopa msikiti."

Sheikh akajibu polepole, "Au ni uji wenu, Mama. Una mchanga."

Mwalimu akasema hata shuleni msichana siku hizi hafungui mdomo. Akiulizwa anatazama chini. Yeye alidhani ni mgonjwa.

Wakanigeukia. "Jaja, wewe unawajua. Umesikia nini?"

Nikasema, "Sijui."

Mimi ninayesema siku nzima, hilo ndilo neno nililotoa. Wakaandika kwamba Jumatatu nafasi itatolewa.

Nililala na neno hilo, likanichoma. Asubuhi, siku ya Jumamosi, nikaenda Nakivubo. Nilimkuta mama yake amekaa nyuma ya mafungu ya nyanya, na msichana pembeni anazipangusa kwa kitambaa. Aliponiona akainama chini ya meza.

Nikasalimia. Mama akaitika, maana mtu mzima lazima aitikiwe, lakini hakuniambia nikae.

"Nimemfuata mtoto," nikasema. "Arudi kusoma."

"Jaja, unajua ile kalamu irikuwa ya nini?"

"Ya harusi, nilifikiri."

"Harusi ya nani? Baba yake amekufa mwaka jana. Irikuwa lumbe. Tulimaliza msiba, tukaweka mlithi. Mtoto yangu ndiyo alikaa kwa mkeka, mbele ya ukoo, kwa mahali ya baba yake, kwa sababu hakuna mwingine." Akachukua nyanya, akairudisha. "Usiku mzima alijifunza hiyo maneno ya Kiswahili. Alitaka kukwambia wewe, Jaja. Wewe kwanza."

Kwetu kuna hitima. Najua mtu anavyojisikia siku ya kumaliza matanga. Nikatafuta mahali pa kuweka macho, nikakosa.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Mimi hukuniigiza. Ulimcheka mbele ya watu. Muombe mbele ya watu."

Jumatatu akamleta. Wakasimama mlangoni, mama amemshika bega. Washirika wote walikuwepo, watoto wamejaa. Nikasimama katikati, nikasema, "Watoto, mimi Jaja wenu nimekosa. Nilimcheka mwenzenu. Alikuwa anasimulia msiba wa baba yake, na mimi nikaufanya mchezo."

Wakaanza kucheka.

"Anaigiza Sheikh wa Ijumaa!" mmoja akapiga kelele.

"Hapana, ni Afande akilia!"

Nikasema tena, kwa nguvu. Sauti ikanikatika, machozi yakaja, na wao wakapiga makofi, maana hawajawahi kuona nikiigiza vizuri hivyo. Nilijaribu kusimama wima, wakacheka kusimama kwangu. Nikanyamaza, wakacheka kunyamaza kwangu. Kila nilichoshika kilikuwa ni mchezo. Afande akapiga mwiko kwenye sufuria, "Toto! Nyamaza!" wakazidi, wakadhani na yeye yumo.

Ndipo msichana akasema kutoka mlangoni, si kwa nguvu:

"Haigizi."

Wa mbele wakageuka kumtazama.

"Haigizi," akasema tena. "Anaomba msamaha. Yangu."

Kicheko kikakatika. Akapita kati ya wenzake, hakunitazama, akaenda kukaa karibu na mwalimu wa hesabu. Mama yake akaondoka, nyanya zilikuwa zinamsubiri. Bibie wa Ntinda akaandika kwenye rejista.

Sasa anakuja kila siku. Mwalimu anasema shuleni ameanza kujibu, na hesabu anawapita wengi. Watoto siwaigizi tena. Nawasikiliza mpaka wafike mwisho, halafu nasema neno lenyewe tu, mara moja. Wakubwa nawaigiza bado, Sheikh na Afande wamezoea.

Lakini nusu saa yangu ikifika, msichana anainuka, anatoka kumsaidia Afande kuosha vikombe. Hakuna aliyemtuma na hakuna anayemkataza. Mimi simwiti. Nafungua dirisha la upande ule, na ninapofundisha napandisha sauti kidogo, ifike mpaka kwenye beseni.