Alhaji Aliyekula Pilau Yangu

Ijumaa ile nilipika pilau ya mbuzi kwa sababu Alhaji Mansuri alikuwa amekuja Jinja. Alikuwa mwuza vitambaa kutoka Kisumu, na huko kwao alikuwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Mume wangu Swaleh, fundi cherehani, alinunua khaki kwake akawashonea askari wa kambi iliyokuwa juu ya mtaa wetu. Alhaji alijua nguo zile zinavaliwa na nani. Biashara yake aliijua vizuri.

Alikula mpaka akalegeza mkanda.

"Mkipata taabu yoyote, njooni Kisumu," alisema, akijipangusa mafuta ndevuni. "Baba yangu alivuka bahari kuja kujenga reli. Babu zenu Wanubi waliletwa na Mwingereza kutoka Sudan. Sote wageni. Na mgeni nyumbani kwake ni msikitini."

Swaleh alilipenda neno lile. Aliwasomea wateja wake kama aya. Mimi nilikuwa nikiondoa sahani, na nilichokiona ni jinsi Alhaji alivyozichagua nyama zote akatuachia mifupa.

Vita ya kuiangusha serikali ilipotukaribia, mwaka wa sabini na tisa, waliokimbia kwanza ni askari wale tuliowashonea. Wanaume waliokuwa wakiwapiga watu mateke sokoni walizivua khaki zao barabarani. Walichukua magari, magodoro, hata redio za watu, wakatuachia sisi lawama. Sijawahi kuona woga wenye vyeo vingi namna ile.

Watu wakaanza kutafuta wa kulipizia kisasi. Mwislamu, na hasa Mnubi, alihesabiwa kuwa mtu wa serikali iliyoanguka.

Walikuja kwetu alfajiri.

Niliisikia sauti ya jirani niliyezoea kumgawia chumvi. "Fundi wa askari anakaa hapa."

Swaleh alitoka kuzungumza nao. Aliamini mazungumzo.

Panga lilimpata ubavuni.

Nilimvuta ndani, tukatokea mlango wa nyuma, tukapita migombani. Hawakutufuata. Walikuwa wakigombania cherehani.

Lori la ndizi lilitufikisha mpakani Busia, na jingine likatuchukua upande wa Kenya. Njia nzima Swaleh aliniuliza msikiti wa Alhaji ukoje, kana kwamba nimewahi kuuona. Nilimwambia ni mkubwa, una kivuli. Dereva alipoona damu imelowesha magunia yake, alitushusha Kisian, kando ya barabara, Kisumu ikiwa karibu kabisa.

Mwanamke aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, pale, Mama Akinyi, Mjaluo mwenye msalaba shingoni, aliiacha meza yake akaja mbio. Nilianza kumweleza sisi ni nani na kwa nini tumekimbia.

"Wacha hiyo maneno, mama," alisema. "Mtu anatoka damu, na wewe unaeleza kabila? Lete yeye ndani."

Swaleh alifia kwenye mkeka wa Mama Akinyi adhuhuri ile. Nilimwosha mwenyewe, mke ana haki hiyo. Mama Akinyi alinishikia ndoo, akageuza uso kila nilipomwomba ageuze. Kisha akatoa shuka jeupe alilowawekea wageni, nikamkafini nalo. Shemeji yake, Ouma, alitupeleka mjini kwa pikapu yake ya samaki.

Tulifika msikitini watu wakitoka sala ya alasiri. Nilimwona Alhaji akivaa viatu. Naye aliniona. Najua aliniona, kwa sababu aliinama tena kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

"Bibi, unatafuta nani?"

"Nimekuletea Swaleh. Nataka jeneza na kaburi."

Aliitazama pikapu, akajiziba pua. Harufu ilikuwa ya samaki. "Swaleh yupi? Hawa wa Uganda wengi wao walikuwa askari. Serikali ikituuliza je? Sisi wenyewe hapa ni wageni. Lazima kamati ikae."

"Ikae mpaka lini, na jua hili?"

"Tuna utaratibu, bibi."

Wanaume wazima walisimama na viatu mkononi, wakitazama vidole vya miguu yao. Aliyesema ni Ouma.

"Bwana, hii mtu si ni yenu? Nyinyi ndio mnasemanga ndugu, ndugu."

Ndipo nikasema, wala sikupaza sauti.

"Alhaji Mansuri, pilau yangu uliila. Iliyobaki ukaniambia nikufungie, ukaondoka nayo. Khaki ya askari ilitoka dukani kwako. Mume wangu aliikata na kuishona tu. Kama yeye alikuwa askari, wewe ulikuwa nani?"

Wazee wawili Wanubi kutoka Kibos, waliokuwa bado wamekaa barazani, waliinuka wakalichukua jeneza la msikiti, wakamlaza Swaleh ndani yake, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mmoja alimpiga Alhaji kikumbo alipopita, wala hakugeuka.

Na unajua Alhaji alifanya nini? Alivua viatu tena, akaingia, akasimama safu ya kwanza ya sala ya maiti. Makaburini dua yake ilikuwa ndefu kuliko ya imamu. Alilia, tena machozi ya kweli. Watu wa aina ile wanayo tele.

Baadaye alinitumia gunia la mchele wa Ahero. Niliupika, tukaula na Mama Akinyi. Dharau haishibishi.

Sikurudi Jinja. Nimezeekea hapa, na nimesali msikiti uleule, upande wa wanawake. Wapo walioniuliza naweza vipi. Sikuikimbia vita ili nije kukimbia viatu vya mtu mmoja.

Alhaji alipofariki, walimsifu kwamba alikuwa baba wa wakimbizi. Wanawake waligeuka kunitazama, wakingoja niitikie. Niliitikia amina. Ilikuwa ya maiti, haikuwa ya maneno yale.

Swaleh aliutamani msikiti ule tangu Jinja, na hakupata kusujudu ndani yake hata mara moja, aliingia amebebwa. Mimi nimesujudu humo miaka na miaka. Mpaka leo sijui kama nilipata nyumbani, au nilipata tu mahali pa kumzika mume wangu.