Bembea Iliyopigwa Bandi

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi cherehani, na kama uliwahi kumpelekea fundi kitambaa, sina haja ya kukueleza anavyoongea. "Njoo kesho." Ukija kesho, vimebaki vifungo tu. Gauni nililotaka kuvaa kwenye harusi ya rafiki yangu nililipata bibi harusi akiwa ameshajifungua. Kushona anajua, hilo simnyimi. Ulimi wake ndio unaomponza.

Wateja walishamzoea. Aliyeniuma ni binti yake, ambaye alikuwa akiahidiwa bembea kila siku yake ya kuzaliwa ikikaribia. Safari hii, akielekea kutimiza miaka saba, baba yake aliporudia ahadi ile mezani, binti hakuruka wala hakuuliza itakuwa ya rangi gani. Aliendelea kula, kisha akasema kwa adabu, "Sawa, baba. Ukipata nafasi." Ilikuwa sauti ya mteja aliyekata tamaa. Nilimwona shemeji akiweka kijiko chini. Kuhurumiwa na mwanao ni aibu ambayo hata adui yangu simwombei.

Siku yenyewe ilipofika hakufungua duka. Bembea ilikuwa uani, vipande vipande: mbao za kibanda cha juu zilizopakwa rangi nyekundu upande mmoja, ngazi, mtelezo, minyororo, na mfuko wa bolti na nati. Dada alikuwa jikoni na keki yake. Mimi nikapewa spana na kazi ya kushikilia.

"Shemeji, una hakika unajua?"

"Mtu anayeunga mkono wa koti atashindwa na mbao?"

Alienda mbio, lazima nikiri. Alipitisha bolti na kuzungusha nati kwa vidole tu. Kila nilipotaka kukaza kwa spana, alinizuia. "Bado, shemeji. Hapa tunapiga bandi. Hakuna kushona kabla nguo haijajaribiwa." Bandi ni ule mshono mrefu wa mkono, wa kushikiza kitambaa kwa muda. Nilimwona anajitafutia kazi mara mbili, lakini nikanyamaza kwa heshima ya ndoa ya dada yangu.

Mchana kibanda kikasimama juu ya miguu yake minne, tukarudi nyuma kukitazama. Rangi nyekundu yote ilikuwa ndani. Nje mbao zilikuwa tupu, zenye vibanzi vya kuchoma vidole, na ndoano za kushika ngazi na mtelezo zilitazama ndani. Ili apande ngazi, mtoto angelazimika awe ameshapanda.

Miaka yote mtu huyu ameshona kwa kuanzia ndani, uso wa kitambaa ukitazamana na uso, mwisho ndipo nguo inageuzwa. Mikono yake ilifanya inachokijua. Bahati mbaya kibanda hakigeuzwi kama shati.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwona binti mlangoni, ndani ya gauni lake jipya, na kicheko kikanikauka. Hakulia. "Si kitu, baba," alisema. "Tutacheza hapa hapa chini." Akarudi ndani.

Dada alitoka na mikono ya unga. "Wageni wanakuja saa tisa. Mwambie utamalizia kesho."

"Hilo neno," shemeji alijibu polepole, "leo sitalitamka."

Hapo ndipo nilipoiona faida ya bandi. Kwa kuwa hakuna nati iliyokuwa imekazwa, alizifungua kwa vidole kama anayefumua pindo. Mimi nilipokea mbao, dada akazigeuza na unga wake mikononi, yeye akazirudisha. Tungekuwa tumekaza kwa spana tangu mwanzo, magharibi ingetukuta tunahangaika. Nilimwomba radhi kimoyomoyo; kwa mdomo sikumpa raha hiyo.

Kibanda kilipokaa sawa, rangi nje, akamwita binti yake, akavua utepe shingoni na kumpima kutoka unyayo hadi goti.

"Baba, hii ni bembea, si gauni."

"Simama wima. Hata bembea ikikupwaya utaanguka."

Akashusha kiti cha bembea mpaka kikalingana na goti lile. Sasa ndipo aliponiruhusu kukaza, na tulikaza sote watatu mpaka viganja vikawaka. Mimi, na mwili huu niliojaliwa, nikatangulia kuteleza. Hakuna ubao uliolalamika.

Saa tisa ikafika, ikapita. Keki ilikuwa mezani, viti vimepangwa, na uani hakuna mgeni hata mmoja. Tulidhani binti amealika nusu ya darasa.

"Wenzako wako wapi, mama?" dada alimuuliza.

Binti aliangalia viatu vyake. "Sikuwaambia."

"Kwa nini?"

"Nilitaka nione kwanza."

Shemeji macho yalimlowa na hakujificha. Alimshika binti yake mkono, akampeleka hadi kwenye ngazi, akamwachia.

Binti alipanda akijaribu kila kipandio kwa mguu. Alipofika juu, ukuta wa ua ulikuwa chini ya kifua chake, na nyua za majirani zote zilikuwa mbele ya macho yake, na wenzake wakicheza humo. Akavuta pumzi.

"Njooni," aliita. "Baba yangu amemaliza."

Akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, na mageti yakaanza kufunguka mtaa mzima.