Taa Iliwaka

Kwenye chuo chake cha pikipiki walimwita Mwalimu Breki, na jina halikumuudhi. Alikuwa mtu wa maneno makali, mguu wa kushoto mgumu kama mpini wa jembe, una vyuma vitatu ndani. Mwanafunzi akithubutu kusema "ajali haina kinga," alitolewa nje akasimame juani na helmeti kichwani, dakika kumi nzima.

"Ina kinga, ndugu yangu!" alifoka. "Inaitwa breki. Na funga huo mkanda wa kidevu. Helmeti isiyofungwa ni sufuria tu umeivaa!"

Walimcheka na walimpenda. Chuo chenyewe kilikuwa kiwanja cha vumbi nyuma ya ghala la saruji: matairi ya kupenya katikati, mistari ya chokaa, pikipiki mbili, na chumba cha mabati chenye ubao na mabenchi manne. Aliwafundisha kugeuka na kuangalia begani kabla ya kukata kona, kuacha nafasi mbele, kunyanyua stendi kabla ya kuondoka, kupunguza mwendo mvua inapoanza maana hapo ndipo lami huteleza zaidi. Hayo aliyafundisha vizuri, hapo simwonei. Tatizo lilikuwa somo la kwanza.

Somo la kwanza lilikuwa ajali yake mwenyewe. Kila darasa jipya lilipoingia alikunja suruali, akaonyesha makovu, akasimulia. Asubuhi moja, miaka kumi iliyopita, yuko ukingoni mwa barabara upande wa kushoto, lori liko mbele yake kidogo. Lori likakata kona kushoto bila indiketa, bila salamu, likamfyeka. "Kwa hiyo," alimalizia akigonga ubao, "lori si la kuamini. Taa zake ni mapambo tu. Piga honi, ongeza mwendo, toka ubavuni mwake!" Nao wakaandika kwenye madaftari, ukurasa wa kwanza.

Sasa niwaambie nyinyi alichokuwa hawaambii wao. Taa iliwaka. Iliwaka vizuri, ya njano, mtu na macho yake aliiona. Tena hakuwa peke yake. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amekaa mbele yake, juu ya tangi la mafuta, anapelekwa shule. Mtoto alisema, "Baba, lori linawasha taa." Baba akajibu, "Tulia, tunapita." Wakapita! Tairi la nyuma la lori lilimsaga baba mguu, mtoto akarushwa kwenye majani, akapasuka kidevu tu. Mungu ni mkubwa.

Alipozinduka hospitalini, mkewe alikuwa amesimama upande huu wa kitanda na askari mwenye daftari upande ule. Mkewe alikuwa amemkataza mara mia kumpakia mtoto kwenye tangi. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa hewani kwa kamba, hata kugeukia ukutani hawezi. Askari akauliza, "Lori liliwasha indiketa?" Taa ya upande ule ilikuwa imevunjwavunjwa na pikipiki yenyewe, hakuna wa kuthibitisha. Akasema, "Hapana."

Neno moja hilo! Dereva wa lori akanyang'anywa leseni na kazini akafukuzwa. Mwalimu akalipwa fidia, akanunua pikipiki mbili na mabati. Umeona alivyojijengea mtego? Kila msumari wa chuo kile ulipigwa juu ya lile "hapana." Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu bwana ilikwenda miaka kumi, ila haikuwa na pa kugeuzia.

Jumatano moja akapigiwa simu. Mwanafunzi wake aliyemaliza mwezi uliopita, msambaza mikate, baba wa watoto wanne, amelazwa. Mwalimu akaenda. Alimkuta amefungwa bendeji, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pole sana, ndugu yangu. Ilikuwaje?"

"Lori, Mwalimu. Kama lile la kwenye somo lako! Liliwasha taa, nikasema taa gani, mapambo hayo. Nikapiga honi, nikapita ubavuni kama ulivyotufundisha. Nadhani nilichelewa kidogo. Kosa langu, sikuongeza mwendo wa kutosha." Akanyoosha mkono, akamshika Mwalimu kiganja. "Ila helmeti niliifunga. Daktari anasema bila helmeti ningekuwa marehemu. Mungu akuzidishie."

Jamani! Kushukuriwa na mtu uliyemlaza wewe mwenyewe kitandani! Mwalimu alitaka kusema. Badala yake akasema, "Ugua pole," akaondoka akichechemea, akakosea mlango, akajikuta kwenye stoo ya mashuka. Alisimama humo mpaka mfanyakazi mmoja akaja kumwonyesha njia.

Nyumbani binti yake alikuwa anamsubiri mezani. Ana miaka kumi na tisa sasa, na kwa wiki mbili sasa alikuwa mwanafunzi wa baba yake, akimwita Mwalimu pale kiwanjani kama wenzake. Mama yake alikuwa chumba cha pili anapiga pasi.

"Nimesikia habari za mtu wa mikate," alisema kwa sauti ya chini. "Baba, mimi nilikwambia taa inawaka."

"Ulikuwa mtoto. Huwezi kukumbuka."

"Nakumbuka hata shati ulilovaa."

"Basi uliota."

Hapo alivuka mpaka, na alijua amevuka. Kumdanganya askari ni jambo moja. Kumwambia mwanao kwamba kichwa chake ni kibovu ni jambo jingine kabisa, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Binti hakulia wala hakubisha. Aliuliza kama mwanafunzi:

"Jumatatu tunaingia barabarani kwa mtihani. Nikikuta lori mbele yangu limewasha taa, nifanye nini?"

"Kaa nyuma yake! Usipite! Usithubutu kabisa kupita!" Alipiga kelele hadi mkewe akaacha pasi.

"Sawa. Na wenzangu kumi na mmoja? Wao wameandika wapite."

Siku mbili zilizofuata Mwalimu alitafuta tundu la kutokea, asilione. Akisema, chuo kimekufa, polisi wanaweza kufungua jalada upya, na mke atajua kwamba kwa miaka kumi amemhurumia mwongo. Asiposema, Jumatatu watu kumi na mmoja wanaingia barabarani na kaburi limeandikwa ukurasa wa kwanza. Alijaribu na ujanja wa katikati: afundishe somo jipya bila kulifuta la zamani. Lakini wangemuuliza, Mwalimu, mbona ulisema vile? Alianza kuwajibu kichwani huku anaoga, huku anakula, na kila jibu lilimrudisha kwenye lile neno moja. Hata mkewe alipomwuliza kama chumvi imezidi alisema, "Hapana," akashtuka kulisikia.

Ijumaa usiku akamwambia mkewe. Alichojibu mkewe hakinihusu mimi wala wewe. Jumamosi asubuhi akaingia darasani amevaa shati la jana.

"Fungueni ukurasa wa kwanza," alisema. "Uchaneni."

Wakacheka. Walidhani ni mzaha wake mwingine.

"Nimesema uchaneni! Lori liliwasha taa. Niliiona. Mwanangu huyu hapa alikuwa mbele yangu kwenye tangi, akaniambia, nikamwambia atulie. Kosa lilikuwa langu, mwanzo hadi mwisho, na nikamsingizia mwenzangu. Gari refu likiwasha taa, mnakaa nyuma. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Na mtoto hapakiwi kwenye tangi. Andikeni hayo."

Karatasi zikachanika. Mwanamume mmoja akachukua helmeti yake akaondoka bila kuaga. Binti alikuwa anaandika, kichwa chini. Mama mmoja mshona nguo, aliyekaa benchi la mbele, akanyoosha mkono.

"Na dereva, Mwalimu? Yeye umemwambia?"

"Bado."

"Ah," alisema yule mama. "Kwa hiyo umeanza na sisi ambao hatukudai kitu."

Nyumba ya dereva aliijua. Ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, na aliijua kwa sababu miaka kumi alikuwa anaikwepa. Alikwenda kwa miguu saa saba mchana. Ilikuwa nyumba ya vyumba vingi vinavyotazamana, na mwisho wa korido mzee mwenye mvi alikuwa ameinamia cherehani, anabadilisha zipu ya begi.

"Karibu. Umeleta nini tukushonee?"

"Sikuleta kitu. Sijui kama unanifahamu, kaka."

"Mguu wako naufahamu," mzee alisema. Akasukuma kigoda kwa unyayo. "Kaa."

Mwalimu akakaa kati ya cherehani na ukuta, mguu mgumu ameunyoosha mbele. Akasema haraka kabla hajaghairi: "Taa yako iliwaka. Niliiona. Nilidanganya."

Cherehani ikasimama.

"Sema tena."

"Taa yako iliwaka. Nilidanganya."

Mzee alivua miwani. "Unajua mke wangu ameniambia nini miaka yote hii? Labda ulisahau, mume wangu, binadamu husahau. Mwishowe na mimi nikaanza kujiuliza. Nakaa hapa, naangalia mkono huu, nauuliza: uliigusa swichi au hukuigusa? Nikajiambia kumbe mimi ni mzembe, nusura niue mtoto wa watu. Sijashika usukani tena. Hata jirani aliponiomba nimpeleke mkewe kujifungua, nilikataa." Kisha akapaza sauti: "Mama Watoto! Acha hayo maji, njoo hapa!"

Mkewe akaja na mikono iliyolowa. "Mwambie," mzee alisema. Mwalimu akamwambia. Mama akaketi palepale kizingitini, kiganja mdomoni, na sasa Mwalimu hakuweza kutoka bila kumruka. Akaitwa jirani wa mkono wa kulia. Mwalimu akasema. Akaitwa mwenye nyumba, naye alikuwa na uziwi kidogo, ikabidi aseme kwa sauti ya juu hadi milango mingine ikafunguka yenyewe. Hakuna aliyemtukana wala aliyemgusa. Walisikiliza, wakamwangalia mzee, kisha wakamwangalia yeye. Mwalimu alikuwa amedhani ukweli ukiusema mara moja umekwisha.

"Niruhusu niende sasa, kaka," alisema akishika ukuta ili ainuke.

"Bado. Shemeji yangu ndiye aliyenitafutia ile kazi, alinidhamini kwa tajiri mwenye lori. Tangu siku ile hajanipa mkono." Mzee alitazama saa ya ukutani. "Anatoka kazini saa kumi na moja. Kaa."

Mwalimu Breki akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akaukunja kadiri ulivyokubali, akakaa.