Mpiga picha wa mawingu

Huyu mpiga picha huja kwetu kambini Kashojwa kutoka Mbarara kila Jumamosi. Hulamba kidole, hufuta nacho kioo cha kamera, kisha humsimamisha mtu jua likiwa mgongoni. "Usicheke, mama. Mwanga ndio utasema." Kwake sisi ni vivuli vya kupambia mawingu. Juzi Mama Kabanyana alivaa kitenge cha kanisani, apigwe picha ya kumtumia binti aliyepatikana karibuni, ambaye walipotezana vitani akiwa mchanga, asiyejua sura ya mama yake. Akaonyeshwa kivuli cheusi ti mbele ya mawingu yanayowaka.

"Sasa uso wangu uko fasi gani?"

"Hiyo ni sanaa, mama. Ona mbingu!"

"Mbingu hata kwake iko. Yeye anatafuta mama."

Akajigeuza mwenyewe kulielekea jua. Bwana yule akatazama juu, akasema mwanga mzuri umeisha, akafunga kamera, na jua limemjaa mama uso mzima.