Gurudumu Langu Kwenye Picha ya Ngome

Baiskeli niliinunua kwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, mtaa wa Darsait, Maskati, mwanamke wa kigeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi na akawa anauza vitu vyake kabla ya kurudi kwao. Ilikuwa ya mbio, nyepesi, naweza kuinyanyua kwa mkono mmoja, na usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, nimeolewa na kuachwa, nafanya kazi ya kutoa dawa hospitalini, na naishi na mama yangu na kaka yangu mkubwa, yeye na mkewe na watoto wao.

Nilipoingia nayo sebuleni, kaka aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kupanda, kaka. Baiskeli watu huifanyia nini?"

Akasema kwamba Maskati baiskeli wanapanda vibarua wa ujenzi, tena kwa kuwa hawana njia nyengine, na kama nna safari, gari ziko mbili mlangoni. Hakupaza sauti. Kaka yangu hapazi sauti. Husema jambo mara moja, kisha akafungua gazeti lake, na wewe ukabaki umesimama.

Mimi baiskeli nilijifunza Unguja nikiwa na miaka tisa, juu ya baiskeli ya baba, nikipenyeza mguu chini ya bomba la katikati kwa sababu tandiko silifikii. Aliyenishika nisianguke ni kaka huyu huyu. Alikuwa akikimbia nyuma yangu hata pumzi zinamwishia. Wasichana waliotutangulia wakienda skuli kwa baiskeli, na buibui wamelikunja vizuri lisiingie kwenye mnyororo, na sikupata kumsikia mtu akisema kuwa wamepotoka. Tukaja Oman miaka ya sabini, na mambo mengi tukayaacha bila ya mtu kutuambia tuyaache. Tuliogopa kuonekana wageni katika nchi ya babu zetu. Kaka aliogopa zaidi kuliko sote, na khofu yake akaiita heshima.

Kwa miezi kadhaa nilipanda Ijumaa asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, barabara zikiwa tupu. Nilivaa suruali pana, shati refu la mikono na ushungi niliouchomeka ndani ya kola. Nilikwenda Ghubra na kurudi. Kaka akijua na akinyamaza.

Siku moja nilikwenda Hamriya kununua mpira wa ndani, kwenye duka la vifaa vya michezo. Mwenye duka alikuwa mtu wa kwetu, wazee wake wametoka Pemba, na Kiswahili chake kizuri. Ukutani amebandika tangazo: safari ya baiskeli kutoka Barka mpaka ngome iliyo chini ya milima, watu wote wanakaribishwa. Nikaandika jina langu. Akalisoma, akatabasamu, akasema, "Inshallah, dada."

Ijumaa hiyo ya Januari nikaifunga baiskeli nyuma ya gari yangu, nikaenda. Tulikuwa watu wapata ishirini, wengi wao wageni wanaofanya kazi mjini, na vijana wachache wa Kiomani. Wanawake tulikuwa wanne. Watatu Wazungu, na mimi. Mwenye duka ndiye aliyekuwa kiongozi. Aliponiona nakaza kofia ngumu juu ya ushungi, akanivuta pembeni.

"Dada, nna ombi. Kuna basi dogo limebeba maji na chakula. Panda humo, utusaidie kugawa tukifika."

"Nimekuja na baiskeli."

"Naiona. Lakini tutapita vijijini, katikati ya mashamba ya watu. Watasema."

"Na wale watatu, wao hawasemwi?"

"Wale wageni."

"Na mimi?"

"Wewe wetu."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi. Nimeishi nchi hii miaka yote nikiambiwa na watu wa sokoni kwamba Kiarabu changu kina Zanzibari ndani yake, na nikiulizwa kwetu hasa ni wapi. Leo, mara ya kwanza, naambiwa mimi ni wao, na naambiwa ili nikakae ndani ya basi na masanduku ya machungwa. Nilipanda baiskeli yangu nikaondoka kabla yeye hajapiga filimbi, na wengine wakadhani ndiyo safari imeanza, wakanifuata.

Mwanzo njia ni tambarare, jangwa kulia na kushoto, na mlima uko mbele kama ukuta. Barabara inapanda kidogokidogo, macho hayaoni, lakini mapaja yanajua. Halafu ghafla ukaingia kwenye mitende. Imesongamana hata jua halifiki chini, msitu mzima wa mitende, na ndani yake minazi hapana lakini maembe yapo na ndimu zipo, na baridi inakupiga usoni kama umefungua friji. Mfereji wa falaji, wa kunyweshea mashamba, unakwenda sambamba na njia, maji yake yanakimbia kushinda wewe. Wanawake walikuwa wakiosha vyombo. Mmoja, mtu mzima, barakoa ya kizee ya Kiomani usoni, akainua sufuria aliyokuwa akiisugua na kuniita kwa Kiarabu, "Wewe binti wa nani?" Nikamtajia kabila la baba yangu huku napita. Akaniombea dua. Hao ndio watu tulioambiwa watasema.

Katikati ya mashamba nikamkuta kiongozi amesimama. Alikuwa amenipita kitambo kwa kasi, na sasa gurudumu lake la nyuma limelala chini. Pancha. Mpira wake wa akiba ulikuwa kwenye basi, na basi limepita njia kuu. Wengine walikuwa wameshatangulia. Nilikuwa na ule mpira nilioununua dukani kwake, na pampu, na vijiko viwili vya mezani vya kubandulia tairi. Nikashuka. Alitaka kufanya mwenyewe lakini tairi lilimshinda kwa uchovu, nikalichukua gurudumu, nikautoa mwiba wa mgunga, nikavisha mpira mpya, nikajaza upepo.

"Unajua kazi, dada," akasema.

"Najua."

Tukaenda pamoja mpaka mwisho, bila maneno mengi. Ngome ilianza kuonekana vipande vipande kupitia makuti, kwanza mnara, kisha ukuta wa rangi ya mkate, kisha yote, imekaa juu ya jabali lake. Nilipofika chini ya lango nilicheka peke yangu. Tulipiga picha ya pamoja. Nilisimama mwisho wa mstari, upande wa kulia, na baiskeli nimeisukuma mbele yangu.

Siku chache baadaye picha ikatoka gazetini. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyeniletea, akiniuliza kwa nini simo. Nikaangalia. Wazungu watatu wamo, wanacheka. Kiongozi yumo katikati. Upande wa kulia picha inaishia kwenye bega la kijana mmoja, na mbele ya magoti yake limebaki gurudumu la mbele la baiskeli ambayo haina mtu.

Sikungoja jioni. Mapumziko ya mchana niliendesha mpaka Hamriya, nikaliweka gazeti juu ya meza yake.

"Nani amenikata?"

Akalitazama, akainamisha kichwa. "Mimi. Kwa mkasi."

"Mpira ulioupandia kufika kwenye picha hii ni wangu."

"Najua, dada. Wallahi najua. Lakini kaka yako alisikia picha inakwenda gazetini, akanipigia simu. Alisema familia haitaki. Ningefanya nini? Yeye ndiye mwenye kauli juu yako."

Akafungua mtoto wa meza, akanipa picha nzima. Nikaichukua bila ya kumshukuru.

Nyumbani nilimkuta kaka anakula. Nikamuuliza mbele ya mama na mbele ya mkewe kama ni kweli. Akamaliza tonge.

"Nimekuhifadhi," akasema. "Kesho ukiposwa tena, mtu anaulizia, anaonyeshwa gazeti."

"Mimi nimekuomba unihifadhi?"

"Hukuniomba. Ni wajibu wangu."

"Wajibu wako ulikuwa kuja kuniambia usoni. Umekwenda kwa mtu baki, umempa ruhusa anikate kama kitambaa kilichozidi."

Mkewe akaangalia sahani. Mama akanyoosha mkono. "Nipe hiyo picha niione mwanangu alivyotoka." Aliitazama muda mrefu, akaiingiza katika mkoba wake, na hakumrudishia mtu. Kaka akanawa mikono, akaenda zake. Nilikaa miezi miwili simsemeshi, tukipishana ukumbini kama wapangaji. Ijumaa iliyofuata nilitoka saa mbili asubuhi, sio alfajiri, nikapita mbele ya msikiti wake, na tangu hapo sikupanda tena kwa kujificha.

Mama alifariki. Miaka ikapita, tukaingia elfu mbili na kitu, kaka akajenga nyumba Ghubra, akamuoza binti yake. Siku ya tatu ya harusi tulikaa jamaa wa pande mbili kwa chakula cha mchana. Wakwe walikuwa watu wa kisasa, bwana harusi mwenyewe mwendesha baiskeli, na mazungumzo yakafika huko. Kaka akanyoosha mkono upande wangu, uso umejaa fahari.

"Huyu dada yangu alifika ngomeni kwa baiskeli wakati hakuna mwanamke wa kwetu aliyethubutu," akasema. "Sisi nyumbani hatumzuii mtu. Marehemu baba alitulea hivyo."

Watu wakanigeukia wakitabasamu, wakisubiri niseme kitu kizuri. Nilijua ni harusi. Nilijua binti yake hana kosa.

"Ulipiga simu nikatwe kwenye picha," nikasema.

Kaka akacheka kidogo, akasema hayo mambo ya zamani, akamsogezea mkwewe sahani ya biriani. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya viwanja. Wifi yangu akanibana mkono chini ya meza, sijui kunituliza au kuniunga mkono, sikumuuliza.

Alipokuwa akiniona mimi ni aibu, niliweza kumpinga. Lakini aibu ilipogeuka sifa, aliichukua sifa yote akaivaa yeye, na hajanitaka radhi mpaka leo.