Kanda za Kwaya Zilikoenda

Juzi nilipeleka tangazo la kanisa katika stesheni moja ya redio hapa Kericho. Mzee mmoja kutoka Londiani alikuwa mapokezi, kofia mkononi.

"Mlimrekodi bibi yangu akiimba na kwaya," alimwambia msichana wa mapokezi. "Sasa amefariki. Nataka tu kusikia sauti yake."

"Pole, mzee. Siku hizi tunapiga muziki wa vijana. Kanda za zamani zilitupwa."

"Zilitupwa wapi, niende nitafute?"

Msichana aliinamisha kichwa. "Zilichomwa."

Akampa kalenda yenye picha za watangazaji wapya. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka.

Stesheni hiyo imebadilisha aina ya muziki mara tatu, na kila mara hututangazia kwamba wasikilizaji ndio walioomba.