Shemeji Yangu na Maji Yanayowaka

Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu mdogo, ni mpiga picha. Nasema hivyo kwa adabu tu. Maisha yake yote amepiga vichwa: vya pasipoti, vya vitambulisho, vya vyeti. Studio yake ina pazia jeupe, stuli yenye mguu uliolegea, na kioo ambacho mbele yake wateja hulaza nyusi kwa mate. Ukikaa, anakushika kidevu kama anayechagua nyanya. "Masikio yaonekane. Usicheke." Elimu yake ilianzia hapo na kuishia hapo. Mimi niliacha shule kabla hesabu za sehemu hazijanifikia, lakini duka langu la magodoro hujaa watu. Lake lilijaa buibui tangu simu zijifunze kupiga picha.

Dada alichoka. Akamwambia mbele yangu, "Baba watoto, funga hiyo studio. Kaka anatafuta mbebaji wa magodoro."

"Nipe msimu huu tu. Nitapiga maporomoko yakiwaka, niitundike dirishani picha kubwa kama mlango, watu watarudi. Nikishindwa, nitabeba."

Maporomoko yenyewe yako juu milimani. Kila mwaka mvua zikiisha, kuna siku chache ambapo jua la kuzama hupenya kati ya vilele viwili na kuyapiga maji, yakawa mekundu kama makaa. Punde tu, yamezima. Watu wazima na akili zao hupanda huko kukodolea maji macho. Nami nilipanda, ila si kwa ajili ya maji. Nilitaka kumwona shemeji akishindwa.

Wenzake walikuja na kamera zenye midomo mirefu. Yeye alibeba ile ya studio, pamoja na mwamvuli wake mweupe wa kutawanyia mwanga wa taa. Mwamvuli, na mvua zimekwisha.

"Shemeji, unaogopa kulowa?"

"Wewe uza usingizi. Mwanga niachie mimi."

Ghafla maji yakawaka. Wenzake wakainua kamera. Dada, aliyepanda nasi na kusimama ukingoni mbele yetu, akageuka kumwita mumewe. "Baba watoto, piga, yanawaka." Jua lile lile likamjaa usoni.

Basi mkono wa shemeji ukafuata mazoea. "Tulia hapo hapo," akasema. "Kidevu chini kidogo. Masikio yaonekane." Akaenda kumsogeza mtandio, akarudi, akapiga, akapiga tena, mpaka mlima ukawa kijivu. Ningeweza kumkumbusha kilichompeleka kule. Sikumkumbusha, nilikuwa na magodoro ya kubebwa.

Picha ilipotoka, kilikuwa kichwa cha dada, masikio mawili kamili, uso unang'aa kama kaa lililopulizwa. Nyuma yake ukanda mwekundu wa maji, ungedhani ni pazia.

Dada akauliza, "Maporomoko yako wapi?"

"Ulisimama vizuri," akajibu yule bwege, na dada, badala ya kumfokea, akaenda kuitafutia fremu.

Studio ilifungwa. Shemeji hubeba magodoro yangu, huyabeba vibaya, na sharti lake lilikuwa moja: picha itundikwe ukutani dukani. Nilikubali kwa kumdharau. Sasa wateja huingia, husimama chini yake na kuuliza, "Huyu mama analalia nini hata anaamka hivi?"

Nami huwaonyesha godoro la bei kubwa kuliko yote, na shemeji huinama kulibeba.